Konokono na Duvi: Wafagiaji wa Bahari Ndogo ya Eastlands

Mtu wa Pwani akiambiwa kwamba huko Nairobi, katika mitaa ya Eastlands, kuna watu wanaotoa pesa zao kununua konokono wa baharini na duvi, aghalabu atacheka mpaka mbavu zimuume. Kwetu sisi viumbe hivi ni vya bure. Maji yakitoka, watoto huwaokota mwambani wakawatia katika vifuu vya nazi, na duvi, yule kaa mwenye kiuno laini ajifichaye ndani ya ganda la konokono aliyekufa, huwekwa mchangani ashindanishwe mbio na mwenziwe. Mchezo ukisha, kila mmoja hurudi kwao. Nani angedhani kwamba duvi angepata kibarua Umoja au Buruburu, kilomita 480 hivi kutoka Mombasa, mahali ambapo maji ya bomba yenyewe huja kwa zamu?

Naam, kibarua amepata. Siku hizi si ajabu kuingia katika nyumba ya Donholm au Komarock ukakuta, kando ya televisheni, tangi la kioo lenye samaki. Wengi wao ni samaki wa maji matamu, ambao kuwafuga si taabu kubwa. Lakini wako wachache, na baadhi yao ni vijana wetu waliokwenda bara kutafuta riziki, ambao moyo wao haukuridhika ila kwa maji ya chumvi, mawe ya matumbawe na samaki wa rangi kama walivyowaona utotoni. Hawa ndio wanaohitaji wafagiaji. Na wafagiaji hao wengi wao huchaguliwa vibaya, wakafa kabla ya wakati wao.

Kwanza tuufahamu uchafu wenyewe. Tangi la maji ya chumvi likiwashwa taa na samaki wakalishwa, hazipiti wiki nyingi kioo kikaanza kutanda ukoga. Katika tangi jipya hutangulia ukoga wa rangi ya kahawia, mfano wa unga wa mdalasini. Baadaye huja wa kijani, kisha zikaota nyuzi nyuzi kama nywele. Ukoga huo ni mimea midogo ya bahari, na chakula chake ni nuru pamoja na mbolea itokayo katika kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula. Bakteria waliomo mawe na mchangani huugeuza uchafu huo hatua kwa hatua: kutoka amonia, ambayo ni sumu kali, ukawa naitraiti, kisha ukawa naitreti, ambayo haiui upesi lakini huunenepesha ukoga. Konokono huja akaula ukoga. Lakini naye hunya! Alichokila usiku hukirudisha majini asubuhi kwa sura nyingine. Kwa hiyo mwenye kudhani kwamba akinunua konokono ataepukana na kazi ya kubadilisha maji, amejidanganya mwenyewe. Mfagiaji hukusanya taka, na mwenye nyumba ndiye wa kuitoa nje.

Nilifika nyumbani kwa kijana mmoja wa asili ya Lamu, hapo Umoja. Tangi lake lilikuwa la lita 120, kioo kinang'aa kama kilichofutwa kwa ndimu, na samaki wake wawili wa rangi ya machungwa wakicheza. Lakini chini mchangani palijaa maganda matupu.

"Ami," akaniambia, "hawa niliuziwa kwa mkupuo mmoja, konokono 30 na duvi 15. Aliyeniuzia alisema kila lita nne zataka konokono mmoja. Mwezi wa kwanza walifanya kazi ya ajabu. Mwezi wa pili wakaanza kufa mmoja mmoja, na maji ni safi. Sijui wameingiwa na ugonjwa gani."

Ugonjwa wao ulikuwa njaa. Wafagiaji 45 waliingia katika chumba kimoja, wakakimaliza chakula chote kilichokuwamo, na kioo kilipong'aa bwana wao akafurahi, ilhali ule mng'ao ndio uliokuwa kifo chao. Konokono hana sauti ya kulia wala hakondi machoni pa mtu. Hujikunja ndani ya ganda lake akanyamaza, na siku utakapohisi harufu mbaya, ameshakwisha kitambo.

Hesabu hiyo ya mmoja kwa kila lita nne imetoka ng'ambo, kwa wenye maduka, na mwenye duka haulizwi habari za mwezi wa pili. Waliofuga kwa miaka huenda kinyume chake. Kwa lita 100 huanza na konokono watano au sita na duvi wawili, tena si siku ile tangi lilipojazwa, bali baada ya maji kutulia na ukoga kuonekana kwa macho. Kisha hungoja mwezi mzima. Ukoga ukiwashinda wafagiaji, huongeza wawili. Kioo kikiwa safi kupita kiasi, hupunguza, wakampa mwenziwao mwenye tangi chafu, au huwalisha kwa mkono: kipande cha mwani mkavu, au jani la mchicha lililochovywa katika maji ya moto, lifungwe kwenye jiwe usiku na kuondolewa asubuhi lisioze.

Tena wafagiaji hawa hawafanyi kazi moja. Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea, maana huomba "konokono" kama mtu aombaye "fundi," asiseme kama ataka wa kushona au wa kuezeka.

Wako wale wa mwambani, wa mviringo, wanene wa ganda, wanaong'ang'ania jiwe pale mawimbi yanapopiga. Wataalamu huwaita Nerita, na kila mtoto wa Pwani amewaona hata kama hajui jina lao. Ulimi wa konokono huyu ni kama tupa, una meno madogo madogo safu kwa safu, na kioo hukikwangua kweli kweli. Ila yeye amezoea maji kujaa na kutoka, kwa hiyo usiku hupanda juu akatoka nje ya tangi. Usipofunika utamkuta asubuhi juu ya zulia, amekauka. Na mayai yake huyabandika kioo kizima, nukta nyeupe ngumu ambazo hazibanduki ila kwa wembe.

Wako wenye umbo la pia, ile pia ya watoto ya kuzungusha kwa kamba, nao ni Trochus. Huyu kwangu ndiye wa kwanza kuchaguliwa kwa tangi dogo. Hula ukoga wa kioo na wa mawe, na akianguka chali hujipindua mwenyewe akasimama. Sifa hiyo usiidharau. Huko Marekani huuzwa sana konokono wa bahari ya Karibi aitwaye Astraea, ambaye akianguka kifudifudi mara nyingi hawezi kujigeuza, na mwenye nyumba asipomwinua hufia hapo hapo alipolala.

Yuko mwenye ganda lililozungushwa kama kilemba, Turbo. Ni mla ukoga hodari kuliko wote, lakini ana mwili na nguvu, huangusha mawe yaliyopangwa, na katika tangi la lita 100 yeye ndiye wa kwanza kufa njaa. Mwachieni mwenye tangi kubwa.

Wa mchangani ni wawili. Mmoja ni mwembamba, mrefu, mithili ya msumari wa jahazi, aitwaye Cerithium, ambaye mchana hulala na usiku huulima mchanga wa juu akila ule uvumbi wa mdalasini niliousema. Wa pili ni Nassarius. Huyu ukoga haumhusu hata kidogo, chakula chake ni mzoga. Hujizika mchangani ukaona mkonga wake tu umechomoza, na ukitupa kipande cha kamba majini, wote huibuka na kukimbilia kama watu waliosikia harufu ya pilau ya arusi. Wawili au watatu watosha kumaliza mabaki ya samaki. Anayewanunua kumi ili wamsafishie kioo amepoteza fedha, na amewahukumu bure.

Lakini msomaji wa Pwani atasema, ya nini kununua? Nikienda nyumbani Idi nitajaza ndoo yangu mwenyewe nirudi nayo. Hapa sina budi kuonya. Katika bahari yetu muna konokono wa umbo la koni, mwenye marembo mazuri kama kitambaa kilichotariziwa, naye ana jino mfano wa chusa lenye sumu. Jamaa mmoja wa ukoo huo, Conus geographus, amewahi kuua watu, na makao yake ni pamoja na bahari hii ya Hindi. Usimshike, wala usimtie mfukoni. Wako pia konokono watoboao maganda ya wenzao wakawala. Yuko dondo, yule kauri mkubwa wa madoa, ambaye uzuri wake haukatai mtu, lakini akikua hula sifongo na viumbe vingine, na kila alipopita amegonga na kuangusha. Na yuko duvi mkubwa mwekundu mwenye miguu ya manyoya, ambaye ukimtia tangini utabaki na yeye peke yake.

Wala usimwokote duvi wa nchi kavu, yule atokaye usiku chini ya minazi akila matunda yaliyoanguka. Yeye avuta hewa kama wewe. Ukimzamisha majini, hufa maji.

Duvi anayefaa ni yule mdogo wa mwambani, ambaye hata akikua ganda lake halizidi sana ncha ya kidole gumba. Masheikh wetu wana maneno marefu juu ya kula kaa, lakini hapa hatumli, twamwajiri tu. Hula ukoga wa nyuzi, mabaki ya chakula na wafu, na hupenya mianyani ambamo konokono hapiti. Taabu yake ni moja, nayo ni nyumba. Mwili wake hukua, ganda halikui, kwa hiyo yumo safarini daima kutafuta nyumba kubwa zaidi kidogo. Asipoipata, humwendea konokono mzima aliye hai, akamtoa kwa nguvu, na kuhamia yeye. Ndiyo sababu kule Umoja maganda mengine hayakuwa matupu. Wapangaji wapya walikuwa wamekwisha kuingia.

Jambo hili la nyumba limewashughulisha wataalamu. Mwaka 1970 Mmarekani Harrison White alichapisha kitabu juu ya jinsi nafasi moja ya kazi inapokuwa wazi inavyowasogeza watu wengi. Mchungaji mmoja wa kanisa akistaafu, wa pili hushika mahali pake, wa tatu mahali pa wa pili, na mnyororo ukaendelea mpaka mwisho. Katika miaka ya 1980 mwenzake Ivan Chase, wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, akaona kwamba duvi hufanya vivyo hivyo. Ganda moja kubwa likiwekwa ufukweni, duvi mmoja huhamia, wa pili huingia katika ganda aliloliacha, na wa tatu katika la wa pili, hata nyumba moja iliyopatikana ikawafaa wengi. Wataalamu waliofuata wameona duvi wa nchi kavu wakijipanga safu, mkubwa mbele na mdogo nyuma, wakingoja. Nadhani mkazi wa Kaloleni, Bahati au Jericho hahitaji kufundishwa somo hili. Nyumba zile za baraza la jiji, zenye kodi nafuu, mtu akihama habari zake zilikuwa zimefika kwa mwingine kabla mzigo wa mwisho haujapakiwa katika mkokoteni.

Basi tangi lenye duvi watatu liwekewe maganda matupu sita au tisa, ya vipimo mbalimbali, mengine yakizidi kidogo hayo waliyoyavaa, na yasiwe yamepakwa rangi, kwa kuwa rangi hubanduka wakaila. Tena siku moja utamkuta duvi wako amelala nje, miguu na yote, hatikisiki. Usimtupe upesi. Kaa hujivua ngozi yake ngumu ili akue, na ulichokiona yamkini ni kanzu yake kuukuu, mwenyewe amejificha nyuma ya jiwe mpaka ile mpya ikauke. Wa kweli aliyekufa hutambulika kwa pua.

Sasa tuseme umewachagua vizuri. Bado kuna mambo yawezayo kuwaua kwa siku moja. Konokono hana uwezo wa kuizuia chumvi isiingie wala isitoke mwilini mwake, kama yalivyo maji ndivyo alivyo yeye. Ukimtoa katika mfuko ukamtia moja kwa moja katika maji yenye chumvi tofauti, humdhuru hata kumwua. Mtie katika chombo pamoja na maji yake, kisha umdondoshee ya tangini tone baada ya tone kwa saa nzima au zaidi. Maji ya bahari yana chumvi kiasi cha gramu 35 kwa kila lita. Maji yakipungua kwa jua na joto la taa, yanayopanda ni maji matupu na chumvi hubaki, kwa hivyo kinachoongezwa ni maji matamu yaliyoondolewa klorini. Anayeongeza maji ya chumvi kila siku ataishia na bwawa la Gongoni.

Na nikiitaja Gongoni nikumbushe: chumvi ya jikoni haifanyi bahari, hata iwe imetoka Gongoni au Marereni kwenyewe. Kule maji ya bahari huanikwa mpaka chumvi ya kula ikaganda, na yale maji machungu yenye magnesi yakabaki nyuma. Kuna na kalsi, ambayo konokono huijengea ganda lake. Ndani ya pakiti ya dukani hutayapata hayo kwa kiasi kinachofaa. Hutumiwa chumvi maalumu ya matangi, au maji ya bahari yenyewe yaliyotekwa mbali na bandari na mito.

La tatu ni shaba. Dawa nyingi za maradhi ya samaki zina shaba, nayo humponya samaki ikamwua konokono na duvi. Samaki mgonjwa hutolewa akatibiwa katika chombo cha pembeni. La nne ni stima. Eastlands stima hukatika, na pampu ikisimama hewa majini hupungua. Pampu ndogo ya betri yaweza kuwaokoa wote. Julai, Nairobi ikiwa baridi, tangi hupoa upesi kuliko mwenye nyumba anavyofahamu, na kiumbe aliyezoea maji ya Kilifi hushikwa na ganzi.

Niliposema kwamba kwetu viumbe hivi ni vya bure, nilisema kama tusemavyo barazani. Kwa kweli si vya bure. Biashara ya samaki wa mapambo na wadudu wa bahari kutoka pwani ya Kenya ina miongo kadhaa, na masanduku yake huruka mpaka Ulaya na Marekani. Ina leseni zake, na kuna Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2016. Katika hifadhi za bahari, kama Malindi na Watamu zilizotengwa mwaka 1968, kuokota hata ganda tupu ni kosa. Kule Kuruwitu, Kilifi, wazee na wavuvi walipoona mwamba wao umekwisha, na waokotaji wa samaki wa matangi wakiwa miongoni mwa waliolaumiwa, waliunda chama mwaka 2003, kisha wakafunga kiasi cha hekta 30 zisivuliwe kabisa. Mwaka 2017 walipewa tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Mahali ambapo maganda yameokotwa yote kuuziwa watalii, duvi hukosa nyumba. Kwingine ulimwenguni wamepigwa picha wakiwa wamevaa vifuniko vya chupa za plastiki.

Kijana wangu wa Umoja aliniuliza kama kufuga huku kuna lawama katika dini. Mimi si mufti. Nikamkumbusha tuliyoyasoma sote chuoni: habari za mtoto Abu Umair na kijindege chake, ambacho Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwuliza habari zake wala hakumkataza kukiweka, na habari za yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Akanyamaza kidogo. Kisha akaanza kuwahesabu konokono waliobaki. Walikuwa saba.

Saba kwa lita 120 ni hesabu nzuri, na hao tulikubaliana wasiongezwe. Maganda matupu mengine aliyaacha mchangani kwa ajili ya duvi, na yaliyokuwa na harufu akayatoa. Swali lake la mwisho lilikuwa la safari, maana Idi alikuwa akienda Lamu siku nane. Tulichora mstari kwa kalamu kwenye kioo, hapo maji yalipofika. Jirani wa mlango wa pili ataachiwa ufunguo pamoja na dumu la maji matamu yaliyotayarishwa, aongeze kila siku mpaka kwenye mstari, asipitishe. Taa iwake saa sita tu kwa siku. Chakula cha samaki kimepimwa katika vikaratasi vinne, cha siku moja ndani ya siku mbili. Kopo lenyewe limefungiwa kabatini, kwa kuwa jirani huyo ni mkarimu.